Shilingi 2,500 Inamlinda Mpangaji Gani?

Kutafuta chumba Kilifi siku hizi ni kazi kama kazi nyingine. Mji wenyewe mdogo, lakini tangu Pwani University iwe chuo kikuu kamili 2013, wanafunzi ni wengi na vyumba ni vile vile. Wanafunzi watatu wanachanga, wanamaliza kodi. Mama muuza mahamri analipa peke yake, sasa atashindana nao vipi? Na dalali ataka pesa ya kukuonyesha tu, upate usipate.

Wengi hawajui kuna sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, Cap 296. Mwenye nyumba haruhusiwi kukupandishia kodi anavyotaka, wala kukutia kufuli mlangoni bila amri ya Rent Tribunal. Nzuri kabisa! Shida ni moja: inamhusu mpangaji ambaye kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Jamani, bedsita ya bei hiyo mtaipata wapi? Ukilipa 4,000 tayari uko nje, na Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema makao ni haki ya kila mtu.

Tutaambiwa kuna nyumba za bei nafuu, zile tunazokatwa asilimia 1.5 ya mshahara. Sawa, zijengwe. Lakini nyingi ni za kununua polepole, na mama wa mahamri atafuta pa kulala mwezi huu.

Wabunge wa Pwani, kubadilisha kiwango hicho hakuhitaji saruji. Pelekeni mswada.