Ushindi si wa Miguu Peke Yake



Kila mwanariadha wetu anaposhinda, watangazaji wa huku ugenini huitafuta siri ya ushindi wake mahali pamoja tu: miguuni. Mara ni kipaji cha kuzaliwa, mara ni hewa ya milimani, mara alikuwa akikimbia kwenda shule. Kichwa chake hakitajwi. Nasi sebuleni tunapiga makofi tukidhani tumesifiwa. Hatukusifiwa!

Tukumbuke Mexico, mwaka 1968, fainali ya mita 1,500. Jim Ryun wa Marekani ndiye aliyekuwa na rekodi ya dunia, na kila mtu aliijua silaha yake: mbio za kumalizia. Kumsubiri mpaka mwisho ilikuwa sawa na kumkabidhi medali. Wakenya wakapiga hesabu. Ben Jipcho akazikimbia mita 400 za kwanza kwa sekunde 56, kasi ya kutisha katika mji ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Kipchoge Keino akaipokea kasi ile na kuondoka nayo. Ryun alipochomoka, mwenzake alikuwa keshafika mbali. Keino alishinda kwa kiasi cha mita 20. Hewa ya milimani ilimsaidia, hatukatai. Lakini hewa haimwambii mtu aongeze mwendo wapi na dhidi ya nani.

Naye Filbert Bayi wa Tanzania, kule Christchurch mwaka 1974, aliongoza tangu mwanzo mpaka mwisho na kuweka rekodi ya dunia, dakika 3 na sekunde 32.16. Anayeongoza hawaoni wanaomfukuza. Kila hatua lazima akadirie pumzi yake, umbali uliobaki, na kishindo kilicho nyuma yake. Hiyo si akili?

Wala hatusemi kwa hisia tu. Mwaka 2020 ulitolewa uchunguzi wa utangazaji wa mechi 80 za soka za ligi kubwa za Ulaya. Sifa za akili, zaidi ya asilimia 60, zilikwenda kwa wachezaji wenye ngozi nyeupe. Weusi walisifiwa nguvu na mbio.

Maneno hayo huwafikia watoto wetu. Mtoto wa mwenzetu mmoja alipangwa winga kila Jumamosi kwa kuwa "ana mbio". Nafasi ya kiungo, anayeusoma mchezo na kuupanga, hakujaribiwa hata siku moja. Na sisi wazazi je? Mtoto akirudi tunamwuliza, "Umefunga mangapi?" Hatumwulizi, "Uliona nini kabla hujatoa pasi? Mbona ulingoja?" Tuanze kumwuliza, na kocha naye tumwulize.

Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Mtoto aliyeaminishwa kwamba ana miguu tu, siku akiumia goti, atabaki na nini?