Inchi Mbili Zinakutosha, Hizo Zingine ni za Kuringa

Ukipita Ngong Road Ijumaa jioni huwezi kosa kuona pikapu iliyoinuliwa hadi dereva anahitaji ngazi kuingia. Tairi nene, mataa manne juu ya paa, na matope hakuna hata tone. Inapendeza macho, sikatai. Lakini kama umejikaza ukanunua Hilux yako iliyotumika, na sasa roho inataka tairi kubwa, nisikize kidogo kabla hujatuma pesa kwa fundi.

Anza na tairi. Wasee wengi hufanya kinyume: wanainua gari kwanza, halafu wanatafuta tairi ya kujaza lile pengo. Hapo ndipo doh huanza kupotea.

Soma maandishi ya ubavuni. Hilux nyingi huja na 265/65R17. Hiyo 265 ni upana kwa milimita, 65 ni urefu wa ubavu kama asilimia ya huo upana, na 17 ni rimu kwa inchi. Mimi niliacha chuo mapema, lakini hesabu hii haihitaji digrii: tairi hiyo ikisimama ina kimo cha milimita 776 hivi. Ukienda 265/70R17 unapata 803. Ukiruka hadi 285/70R17 unafika 831.

Sasa inama uchungulie nyuma ya gari. Kuna ekseli moja ngumu kutoka gurudumu hadi gurudumu, na lile tumbo la difu limekaa katikati. Springi zimebeba bodi, haziinui ekseli. Unaweza kupandisha bodi hata inchi sita, na difu itabaki pale pale, ikigonga jiwe lile lile. Kinachoiinua ni tairi peke yake, tena kwa nusu ya kimo ulichoongeza: milimita 13 kwa ile 265/70, 27 kwa ile 285/70. Huyo msee wa Ngong Road amelipia urefu ambao difu yake haiujui.

Kwa hivyo kazi ya kuinua ni moja tu, kupata nafasi ili tairi isikwaruze fenda ukikata kona au ukishuka tuta. 265/70 mara nyingi huingia bila vita. 285/70 itataka kama inchi mbili, na pengine plastiki ya ndani ya fenda ikatwe kidogo. Basi.

Ukipita hapo, taabu inahamia mbele. Magurudumu ya mbele ya Hilux yanajitegemea, kila moja na ekseli yake fupi. Kadiri unavyopandisha, ndivyo ekseli hizo zinavyoinama, na viungo vyake vinazunguka vikiwa vimepinda. Raba inapasuka, grisi inatoka, vumbi linaingia. Alainimenti nayo inakataa kurudi mpaka ununue mikono mipya ya juu. Usiponunua, tairi zako mpya zitaliwa upande mmoja, na unajua bei ya tairi wewe.

Kuna njia ya mkato inaitwa spesa, kipande cha chuma au plastiki kinachowekwa juu ya shoki. Gari linainuka, ndiyo, lakini shoki ni ile ile kuukuu, na sasa inafika mwisho wake haraka ukianguka kwenye shimo. Maoni yangu: kama pesa za springi na shoki zinazoendana hazijafika, nunua tairi za 265/70 na ungoje.

Na dukani wakikuuliza unabeba nini, usiseme "vitu tu". Springi huuzwa kulingana na mzigo. Anayetoa viazi Kinangop kila wiki hahitaji springi sawa na anayebeba spika mbili za harusi mara moja kwa mwezi. Ukiweka ngumu kwa gari tupu, litarukaruka kama mbuzi, na gari linaloruka halishiki barabara.

Hapo ndipo hii stori inaacha kuwa yako peke yako. Gari likipanda juu, uzito wake unapanda pia, na kona uliyozoea inaanza kulilaza. Tairi nzito huongezea breki kazi. Spidomita nayo inadanganya: kwa ile 285/70, unaenda kasi kwa asilimia 7 kuliko ulivyozoea kwa mshale ule ule. Halafu mataa. Ukiinua gari bila kuyashusha tena, unammulika usoni kila anayekuja Mai Mahiu usiku, na mwenye bodaboda hana kioo cha kujikinga.

Najua kuna mtu atanitajia Rhino Charge. Sawa. Mashindano hayo yamekuwepo tangu 1989, na mshindi ni anayefika vituo vyote kwa umbali mfupi zaidi, wala si mwenye gari refu. Magari mengi ya pale yamejengwa kwa kazi hiyo, na wenyewe hawayatumii kupeleka mtoto shule Jumatatu.

Ukiamua, nunua tano, si nne. Spea ndogo kwenye gari la magurudumu manne yanayovuta itaumiza gia, na pima kama ile kubwa inaingia pale chini nyuma. Ambia kampuni ya bima umebadilisha nini, kabla wao hawajagundua siku ya ajali.

Siku ya kuchukua gari, mwambie fundi apandishe gurudumu moja la mbele juu ya jiwe, kisha akate usukani hadi mwisho, kulia na kushoto. Ikikwaruza popote, usimalizie malipo. Baada ya wiki mbili hivi mrudie, akaze bolti zote tena.