Kiungulia na vidonda vya tumbo ni vitu viwili

Kuanzia Pangani mjini hadi Mkwaja, mtu akilalamika kwamba kifua kinamuunguza baada ya kula, majirani wana jibu moja: "Hivyo ni vidonda vya tumbo." Mgonjwa hulipokea. Anaacha maharage, anaacha pilipili, anaanza kunywa maziwa asubuhi na jioni. Miezi mitatu baadaye moto uko palepale.

Jina hilo limegeuzwa gunia la kutilia kila kitu. Umio, yaani mrija unaopitisha chakula kutoka kooni, unaishia kwenye msuli unaofanya kazi kama mlango wa tumbo. Msuli huo ukilegea, tindikali hupanda juu. Tumbo lina utando mzito wa kulikinga na tindikali, lakini umio hauna, kwa hiyo huungua na kuvimba. Dalili yake ni moto nyuma ya mfupa wa kifua na maji machachu mdomoni, hasa mtu anapolala au anapoinama. Mama anayekaa kwenye mbuzi kukuna nazi mara tu baada ya kula anaijua hali hiyo vizuri, na mjamzito anaijua zaidi.

Tumbo lenyewe likivimba, maumivu hukaa chini ya chembe cha moyo, pamoja na kichefuchefu na kushiba upesi. Kidonda ni hatua nyingine, pale utando unapochimbika. Mtu mmoja anaweza kuwa na yote kwa pamoja, ndiyo maana kubahatisha dawa dukani kunawaponza wengi.

Zamani madaktari nao walilaumu mawazo na vyakula vikali. Mwaka 1984 daktari wa Australia, Barry Marshall, alikunywa bakteria aina ya Helicobacter pylori na kuta za tumbo lake zikavimba. Yeye na mwenzake Robin Warren walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Pilipili na achari ya embe huchokoza sehemu iliyokwisha kuumia, lakini vidonda vingi huanzia kwa bakteria huyo au kwa dawa za maumivu.

Hizo dawa ndizo zinazostahili kuogopwa. Mvuvi aliyevuta nyavu usiku kucha hurudi mgongo ukiuma, akanunua diklofenaki au ibuprofeni na kumeza bila kula kitu. Akifanya hivyo kila wiki, tumbo hupoteza kinga yake hata kama hana bakteria. Paracetamol haina madhara hayo kwa tumbo, na ni busara kumuuliza mhudumu wa zahanati kabla ya kuendelea na zile nyingine.

Maziwa? Yanapoza kwa muda mfupi, kisha tumbo hutoa tindikali zaidi. Magadi nayo hutuliza na kurudisha gesi, na yana chumvi nyingi kwa mwenye shinikizo la damu.

Kwa umio, kazi kubwa iko usiku. Chakula cha mwisho kiliwe saa tatu kabla ya kulala, na kiwe kidogo. Matofali yawekwe chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwani, kiasi cha sentimita 15 hadi 20. Kurundika mito hakusaidii, kwani hukunja tumbo na kulibana. Kulalia ubavu wa kushoto husaidia. Sigara na pombe hulegeza ule msuli. Mwezi wa Ramadhani shida huzidi kwa anayefuturu mihogo, tambi na vya kukaanga kwa mkupuo, kisha akajinyoosha mkekani. Kufungua kwa tende na uji, kupumzika, halafu kula kidogo kidogo ni nafuu kubwa. Mwenye kidonda amwone daktari kabla ya kufunga.

Chai na kahawa ya moto sana nayo haina heri. Utafiti uliofanyika Kilimanjaro na kuchapishwa mwaka 2015 uliwakuta watu wakinywa chai yenye joto la zaidi ya nyuzi 70 kwa wastani. Mwaka uliofuata, wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliviweka vinywaji vya zaidi ya nyuzi 65 katika kundi la vitu vinavyodhaniwa kuleta saratani ya umio, ugonjwa ulio mwingi Afrika Mashariki. Dakika chache za kusubiri kikombe kipoe hazina gharama.

Omeprazo humezwa nusu saa hadi saa moja kabla ya kula, na umio ulioungua huhitaji wiki 4 hadi 8. Wengi huacha siku ya tano wakiona nafuu. Bakteria hupimwa kwa kinyesi au pumzi. Mgonjwa amweleze mpimaji kama anatumia omeprazo, maana huweza kumficha bakteria. Akipatikana, antibayotiki zimalizwe zote.

Chakula kikikwama kooni, uzito ukishuka bila sababu, au mtu akitapika damu, zahanati itampa rufaa. Maumivu ya kifua yanayokwenda mkononi au tayani, pamoja na jasho, yanaweza kuwa ya moyo. Kinyesi cheusi kama lami ni damu mpaka ithibitike vinginevyo. Mjamzito anayemeza vidonge vya madini ya chuma huweza kukipata kinyesi cheusi bila kuvuja damu, lakini naye aseme kliniki, siku hiyohiyo.