Mfugaji wa wikiendi, gawa malisho kabla hujaongeza kondoo



Hapa Tangini na kule Kisarawe nakutana na vijana wengi wa aina moja. Kazi iko Dar es Salaam, shamba ni eka moja, kondoo kumi hivi, na kijana mmoja wa kuwaangalia. Bosi anafika Jumamosi, anaangalia mifugo, anaacha hela ya dawa, anaondoka. Mwaka ukiisha unakuta wana-kondoo wamekufa, majike yamekonda, naye anataka kuongeza vichwa ili "faida ionekane".

Mimi napinga. Ukiongeza kondoo kwenye malisho yaliyochoka unaongeza hasara. Na tatizo hapa si muda mdogo, tatizo ni kwamba muda wenyewe unaishia kwenye sindano na chupa za dawa badala ya kwenye nyasi.

Tuangalie kinachotokea. Adui mkubwa wa kondoo ukanda huu wa joto na unyevu ni mnyoo anayefyonza damu tumboni, Haemonchus. Jike mmoja hutaga maelfu ya mayai kwa siku, yanatoka na kinyesi. Wakati wa masika, ndani ya siku 4 hadi 7 mayai yanakuwa viluwiluwi vinavyopanda kwenye majani mafupi na kusubiri kuliwa. Kondoo wanaozunguka eneo lile lile kila siku wanakula minyoo yao wenyewe. Leo umewapa dawa, kesho wameanza kumeza mingine. Tena dawa ile ile ikirudiwa ovyo, minyoo inaizoea.

Suluhisho lipo na halihitaji mtu ashinde shambani. Kwenye visiwa vya Tonga, ambako pia kuna joto na mvua, watafiti waligawa malisho ya mbuzi vipande 10. Kila kipande kililiwa siku 3 na nusu, kisha kikapumzika zaidi ya siku 31. Matokeo yalichapishwa mwaka 1994: minyoo ilipungua na dawa zikatumika mara chache. Mbuzi na kondoo wanashambuliwa na mnyoo huyu huyu, kwa hiyo somo ni letu pia.

Sasa weka kwenye ratiba yako. Jumamosi asubuhi unawahamisha mwenyewe. Jumanne jioni kijana anawahamisha, wewe unampigia simu kuhakikisha. Hizo ndizo siku 3 na nusu. Eka moja ikigawanywa mara kumi, kila kipande ni kama mita 20 kwa 20. Uzio wa nje uwe imara. Ndani unaweza kutumia wavu wa kuhamisha, au ukapanda grilisidia taratibu iwe uzio hai, na majani yake kondoo wanakula.

Jumamosi hiyo hiyo fanya mambo mawili. Kwanza, funua kope la chini la kila kondoo. Pakiwa peupe badala ya pekundu, huyo hana damu, mpe dawa yeye. Pili, angalia nyasi. Zikibaki fupi kama kidole, hamisha hata kama siku hazijatimia, maana viluwiluwi vingi hukaa chini karibu na udongo.

Najua mtaniuliza kuhusu kiangazi. Ni kweli, kuanzia Julai nyasi hazikui na siku 31 hazitoshi kurudisha majani. Hapo mzunguko peke yake haukuokoi. Vipande vinavyozidi mwishoni mwa masika vikate, ukaushe, uhifadhi. Pia shamba la mbegu za malisho la Vikuge liko hapa hapa Kibaha, kaulizie mbegu na marobota mapema kabla ukame haujabana. Kondoo wa kilo 30 anahitaji karibu kilo moja ya majani makavu kwa siku. Piga hesabu ya kumi kwa miezi mitatu: ni kilo 900. Kama huna pa kuzipata, punguza kondoo mwezi wa sita wakiwa wamenona, usisubiri wakonde.

Na wale wanaokimbilia Dorper kwa sababu anakua haraka: utafiti wa ILRI pwani ya Kenya miaka ya 1990 ulionyesha kondoo Mwekundu wa Kimasai anahimili minyoo hii kuliko yeye. Dorper bila mzunguko wa malisho, huku kwetu, ni kamari.

Kwa hiyo hela uliyotenga kununua kondoo watano, nunua wavu na nguzo kwanza. Kondoo watafuata.

Kazi njema.