Kamusi ya Kiiraqw inahitaji faharasa ya Kiswahili
Programu ya kompyuta iliyoandikwa kwa lugha ya asembli hujaa majina, ndiyo maana waandaaji programu hutumia zana ndogo inayoendeshwa kwa amri za maandishi: huorodhesha kila jina, mstari linapofafanuliwa na mistari yote linapotumika. Faharasa ya kamusi hufanya kazi iyo hiyo. Kamusi ya Kiiraqw ya Maarten Mous, Martha Qorro na Roland Kießling, iliyochapishwa Köln mwaka 2002, ina faharasa ya Kiingereza na nyingine inayopanga maneno kwa maana. Kazi ya kuheshimiwa. Lakini Mwiraqw wa Dongobesh au Katesh, kaskazini mwa Tanzania, anaishi kati ya Kiiraqw na Kiswahili, na kumpitisha kwenye Kiingereza ni kumzungusha bure. Wapo watakaosema simu hutafuta neno lolote papo hapo. Lakini simu hutafuta herufi tu, na kitenzi cha Kiiraqw hubadilika umbo kufuatana na mtenda, hivyo anayeandika umbo moja huyakosa mengine. Gharama nayo isitishe: maneno yamekwisha kukusanywa, na kompyuta huyapanga kwa sekunde chache. Kazi hasa ni kukipa kila kidahizo kisawe cha Kiswahili, na wa kuifanya wapo Mbulu na Hanang, si Köln.