Mbwa Kameza Mfupa: Acheni Kwanza Kuulizana Nani Kampa

Mwezi huu tunatoka kidogo chumbani na sebuleni, tunakwenda uani, kwa yule mlinzi wenu wa miguu minne. Msicheke. Kuna nyumba watu wamenuniana wiki nzima kwa sababu ya mbwa, na chanzo ni kipande cha kuku.

Chukua Jumapili ya kawaida pale Bariadi. Pesa ya pamba imeshaingia, harusi zinafuatana, uani wageni wamejaa, mbuzi kaiva na kuku wa kienyeji wameshashughulikiwa. Mbwa kajilaza chini ya meza. Shemeji mmoja, akiwa bia ya tatu, anamrushia mfupa wa paja: "Mwacheni naye asherehekee!" Kra, kra, umekwisha. Mke anapiga kelele. Mume anasema mbona mbwa wa kwetu Itilima wamekula mifupa tangu tukiwa wadogo na hawajafa? Mke anajibu kuwa huyu si mbwa wa kwenu. Dada wa kazi anaulizwa alikuwa wapi. Dakika zinakwenda.

Hoja ya mume tusiidharau. Ni kweli mbwa wengi wanakula mifupa iliyopikwa na haiwapati kitu, kwa sababu asidi ya tumbo la mbwa ni kali na huweza kuuyeyusha mfupa kidogo kidogo. Lakini hivi, waliokufa nani aliwahesabu? Mbwa wa kijijini akifa ghafla tunasema kalishwa sumu, jirani anaanza kutazamwa kwa jicho baya, mzoga unatupwa. Hakuna aliyempasua akaangalia utumbo.

Tatizo ni moto. Mfupa umejengwa kwa madini yanayoupa ugumu, na kolajeni, ile protini inayoufanya uwe na unyumbufu. Ukiupika, kolajeni inaharibika na kutoka. Ile supu ya makongoro inayoganda asubuhi kama jeli, basi kilichogandisha ndicho hicho, kimetoka kwenye mifupa na mishipa. Mfupa uliobaki ni mkavu, na ukitafunwa unapasuka vipande vyenye ncha. Wa kuku ni mwembamba, unachongoka kama sindano. Mbavu za mbuzi nazo si salama, na miiba ya sato ndiyo usiseme.

Kwa hiyo swali la "nani kampa?" liwekwe kabatini. Maswali ya maana ni mengine: kameza saa ngapi, mfupa wa nini, mkubwa kiasi gani, kautafuna au kaumeza mzima? Daktari atauliza hayo hayo. Na mara nyingi anayeyajua ni yule mnayemfokea. Dada au mtoto akishaona hasira imewaka, atasema hajaona kitu. Mtamkosa shahidi pekee mliyenaye.

Ushahidi huo una uzito mwingine ambao wengi hawaujui. Mbwa mwenye kichaa naye hudondosha mate, taya huweza kulegea, anashindwa kumeza. Ukimtazama utaapa kakwamwa na mfupa. Watu wanampanua mdomo na kuingiza mkono wakidhani wanamsaidia, kumbe wanajitia kwenye mate ya kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu kila mara ni kifo. Simiyu inapakana na Serengeti, na vijiji vinavyoizunguka hifadhi hiyo vimekuwa na kampeni za chanjo ya mbwa kwa miaka mingi kwa sababu ugonjwa huu upo. Basi kama hakuna aliyemwona akila mfupa, na chanjo yake hamna uhakika nayo, mkono usiingie mdomoni. Mfungieni, muiteni bwana mifugo. Akishakung'ata, au mate yake yakagusa kidonda, macho au mdomo wako, osha kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni dakika 15, halafu hospitali siku hiyo hiyo. Usisubiri kuona kama mbwa atapona.

Sasa tuseme mmemwona kwa macho yenu, ni mfupa kweli, na chanjo anayo.

Kama anahangaika kupumua, anajikuna mdomo kwa miguu, fizi zinageuka rangi ya bluu, hapo hakuna kupiga simu kwanza. Mmoja amshike, mwingine amulike kwa tochi ya simu. Mara nyingine mfupa umekaa tu kama daraja juu ya kaakaa, kati ya meno ya pembeni, na unatoka kwa mpini wa kijiko. Ukiwa ndani sana usiusukume, utauzamisha. Hapumui kabisa? Mbwa mdogo mnyanyue miguu ya nyuma, kichwa kining'inie, umpige makofi katikati ya mabega. Mkubwa, simama nyuma yake, zungusha mikono tumboni, ngumi iwe chini kidogo ya mbavu, kisha bonyeza kwa nguvu kuelekea juu na mbele, mara kadhaa. Hata akipona, bado aonwe na daktari.

Lakini mara nyingi hali inakuwa tofauti: kameza, anatingisha mkia, anataka mwingine. Hapa ndipo wazee wa dawa za uani wanapoibuka. Mnyweshe chumvi atapike! Mpe mafuta ya kula, uteleze! Jamani, hapana. Mfupa ulioshuka ukiwa na ncha, ukipanda tena unalichana koo kwa safari ya pili. Chumvi nyingi yenyewe ni sumu kwa mbwa. Mafuta yanaweza kuingia kwenye mapafu. Na Panadol, diklofenaki au ibuprofeni za kwenye droo ya chumbani ziacheni huko huko, zinaweza kumuua mbwa kuliko huo mfupa.

Mpigieni daktari mkiwa bado mmetulia. Wapo wanaoshauri chakula laini kidogo, kama wali ulioiva sana au uji mzito, ili vipande vifunikwe. Wapo wanaosema asile kitu, hasa kama huenda akahitaji kulazwa kwa dawa ya usingizi. Hilo aamue yeye aliyesikia habari zote, msiamue nyinyi na shemeji.

Halafu kuna kazi ambayo hamna anayeigombea: kukagua kinyesi kwa siku tatu hivi. Gawaneni zamu, ndoa ndiyo hiyo. Mkiona anatapika mara kwa mara, amegoma kula, tumbo limekuwa gumu, anainama mbele na kuinua makalio kama anayesujudu, anajikamua bila kutoa kitu, au kinyesi kina damu au ni cheusi kama lami, hiyo si hali ya kusubiri kesho. Utumbo ukitoboka, uchafu unamwagika tumboni na mbwa anaweza kufa kwa muda mfupi. Vivyo hivyo akidondosha mate na kurudisha kila anachomeza: mfupa huenda umekwama kwenye umio, na kila saa inayopita unazidi kuukwangua. Ukiona kipande kimechungulia nyuma, usikivute.

Kwa watu wa Bariadi, Maswa au Meatu swali linalofuata ni wapi. Simiyu ni nchi ya ng'ombe, na bwana mifugo wenu huenda siku nzima anashughulika na ng'ombe kuliko mfupa wa kuku kwenye utumbo wa mbwa. Msimdharau. Anaweza kumpima, kumtuliza maumivu kwa dawa inayomfaa mnyama, na kuwaambia kama ni ya kukimbilia. Upasuaji ni kazi ya daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari, lililoundwa chini ya sheria ya mwaka 2003. Kabla hamjapakia mbwa kwenye gari kwenda Mwanza kupitia Lamadi, pigeni simu mbele muulize mambo mawili: kuna eksirei, na kuna anayepasua leo? Kufika halafu ukaambiwa daktari yuko semina, inauma.

Na hapo ndipo pesa inaingia. Mmoja atasema "mbwa tu, laki kadhaa za nini?" Mwingine analia. Mara nyingi hawagombani kuhusu mbwa. Mmoja kakulia boma ambalo mbwa ni mlinzi wa ng'ombe, akifa analetwa mwingine. Mwenzake ndiye aliyemlea huyu kwa chupa, na ndiye anayelala naye nyumba moja mume akiwa safari. Wote wana haki ya kuona wanavyoona. Ila mjadala huo ukifanyika saa tano usiku mbwa akitapika damu, mtasemeana maneno ambayo hayatasahaulika. Kaeni leo mkubaliane: mkipewa bei ya upasuaji, mwisho wenu ni kiasi gani? Na kama haiwezekani, mnakubali daktari ampumzishe bila maumivu, au mtamwacha ahangaike siku mbili nyuma ya banda? Mimi la pili silikubali, liwe la mbwa wa kizungu au wa kienyeji.

Wapo watakaouliza: basi tumpe mbichi? Mbichi haupasuki ncha kirahisi hivyo, lakini unaweza kumvunja meno na kubeba vijidudu. Ugali na dagaa bado ni chakula kizuri tu.

Siku ya wageni, wekeni ndoo moja yenye kifuniko kinachobana, mifupa yote iingie humo, na mbwa afungwe hadi vyombo viondolewe. Kuizika mifupa ni kujidanganya, ataifukua usiku huo huo. Shemeji aambiwe mapema, kabla ya bia ya kwanza. Na namba ya bwana mifugo iwe kwenye simu zenu wote wawili, na ya dada pia, kwa sababu siku ikitokea huenda yuko nyumbani peke yake.