Namba Mpya Isifute ya Zamani

Wengi hapa Mtanda hudhani kuunganisha orodha mbili za vitabu katika kompyuta ni kunakili tu. Sivyo. Kila orodha huanza na kitabu1. Zikiunganishwa hivi hivi, programu ikizisoma, kitabu1 ya pili huifuta ya kwanza, na kitabu hupotea pasipo mwizi.

AWK, iliyotungwa Marekani mwaka 1977, huhesabu mistari ya faili zote mfululizo, na kwa hesabu hiyo huweza kutoa namba mpya bila kuruka hata moja. Mkono wa mtu huchoka.

Lakini namba ya zamani ingali mgongoni mwa kitabu na katika daftari la waazimaji. Basi iandikwe kando ya mpya, asije mtu akadaiwa kitabu alichokwisha kurudisha. Haraka haraka haina baraka.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne